Uzi na Sindano: Sweta Bila Pateni

Barua nyingi za awamu hii zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mtu asiye na pateni ya kuchapishwa, yaani maelekezo ya vitanzi na mistari, atajuaje atie vitanzi vingapi? Barua ya Njombe tumeijibu kwa urefu, nyingine kwa kifupi. Katika majibu yetu, kitanzi cha mbele ni kile kinachotoa uso laini, na cha nyuma ni kile kinachotoa kinundu. Ribu, kitambaa kinachovutika cha pindo na vifundo, ni kimoja mbele, kimoja nyuma. Kutia vitanzi ni kuvianzisha kwenye sindano, na kufunga ni kuvimalizia visifumuke.

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tatu na shule inataka sweta la bluu lenye shingo ya V. Kufuma najua, nimeshafuma skafu na kofia, ila pateni sina. Nianzie wapi?
Mama mzazi, Njombe

JIBU: Anzia kwenye kipande cha majaribio, mama. Chukua uzi na sindano zile zile utakazotumia, tia vitanzi 34 na ufume mistari 44 ya kitambaa laini, mmoja mbele na mmoja nyuma. Vitanzi vitatu vya kila pembeni vifume mbele kwenye mistari yote ili kipande kisijikunje. Funga, kifue kama utakavyolifua sweta, kisha kilaze kikauke bila kukivuta. Kikishakauka weka rula katikati, mbali na kingo, uhesabu vitanzi vilivyo ndani ya sentimita 10 za upana na mistari iliyo ndani ya sentimita 10 za urefu. Uzi wa unene wa kati, unaoitwa wa nyuzi 8, kwa sindano za milimita 4 kwa kawaida hutoa vitanzi 22 na mistari 28, yaani vitanzi 2.2 na mistari 2.8 kwa kila sentimita. Ukipata vitanzi 20 usikaze mkono, maana mkono uliokazwa hulegea wenyewe ukifika nusu ya mgongo. Badili sindano, chukua nyembamba zaidi, ujaribu tena.

Wengi huiruka hatua hii. Sweta tutakalolipigia hesabu hapa lina vitanzi 164 kuzunguka kifua, mishono ikishatolewa. Kwa vitanzi 22 linatoka sentimita 74 na nusu. Kwa vitanzi 20 linatoka sentimita 82. Tofauti ya vitanzi viwili tu kwenye rula imekuwa karibu sentimita nane mwilini mwa mtoto.

Sasa mpime akiwa amevaa shati lake la shule. Tuseme kifua ni sentimita 66, urefu kutoka bega hadi nyonga 46, mgongo kutoka ncha ya bega hadi ncha ya bega 29, mkono kutoka kwapani hadi kifundo 34. Kifuani ongeza sentimita 8 za nafasi, mzunguko uwe 74, hivyo kila upande ni 37. Zidisha 37 kwa 2.2 upate 81.4. Ongeza vitanzi viwili vitakavyoliwa na mishono, kisha sogeza hadi namba shufwa: 84.

Mgongo. Kwa sindano za milimita 3.25 tia vitanzi 84, fuma ribu sentimita 5. Hamia sindano za milimita 4 na ufume kitambaa laini mistari 68, ambayo ni sentimita 24. Hapo umefika kwapani. Mabega yanahitaji sentimita 29, sawa na vitanzi 64, kwa hiyo una vitanzi 20 vya kuondoa, kumi kila upande. Funga vinne mwanzoni mwa kila mmoja wa mistari miwili inayofuata, halafu punguza kimoja kila mwisho, mstari mmoja ndiyo mmoja hapana, mara sita. Endelea wima hadi utimize mistari 48 tangu ulipoanza kwapa (sentimita 17). Gawa vitanzi: 19 vya bega, 26 vya shingo, 19 vya bega. Bega usilifunge kwa mkupuo. Anzia kila mara upande wa mkono, funga sita, kisha sita, kisha saba, ili lishuke kama bega la mtu linavyoshuka. Ukilifunga lote kwa mstari mmoja, sweta litapanda shingoni na kujikunja nyuma ya kola.

Kifua ni kama mgongo hadi umalize kupunguza kwapa, yaani mstari wa 14. Hapo una vitanzi 64. Gawa viwili, 32 kila upande, nusu moja iache kwenye sindano ya akiba. Upande wa shingo punguza kimoja kila baada ya mstari mmoja mara 13, ambayo ni mistari 26, kisha fuma mistari 8 bila kupunguza. Utabaki na 19, sawasawa na bega la mgongo. Isipokuwa 19, umekosea kuhesabu mahali, na ni rahisi kupatafuta hapo kabla hujashona. Punguzo lifanye kitanzi kimoja ndani ya ukingo, lisiwe ukingoni kabisa. Ukingo safi utakusaidia sana ukifuma ukanda wa shingo, ambao tumemweleza msomaji wa Moshi hapa chini.

Mikono. Kifundo cha mtoto huyu ni sentimita 14, mpe 18. Hiyo ni vitanzi 40, na viwili vya mshono, 42. Ribu sentimita 5. Juu, unene wa mkono pamoja na nafasi ni sentimita 28, yaani vitanzi 62, na viwili vya mshono, 64. Kwa hiyo unaongeza 22, viwili kwa mara moja, mara 11. Mistari uliyonayo katika sentimita 29 zilizobaki juu ya ribu ni 82, basi ongeza kila mstari wa sita, kisha mistari 16 iliyobaki uende wima. Kichwa cha mkono: funga vinne kila upande kama ulivyofanya mwilini, punguza kimoja kila mwisho kila baada ya mstari mmoja mara 13, funga vitatu mwanzoni mwa mistari minne inayofuata, kisha funga 18 vilivyobaki kwa pamoja.

Kabla ya kushona pitisha tepu ukingoni mwa kichwa cha mkono, kutoka kwapani hadi katikati ya juu. Kwa hesabu hizi utapata kama sentimita 20. Pima na shimo la mwilini kutoka kwapani hadi mshono wa bega, utapata kama 19. Sentimita moja ya ziada inamezwa na mshono juu ya bega na ndiyo inayoupa mkono umbo. Zikizidi mbili, mkono utafura begani. Shimo likiwa refu kuliko mkono, kwapa litavutwa na mtoto hatanyanyua mkono darasani.

Shona kwa mpangilio huu: mabega, ukanda wa shingo, vichwa vya mikono kwenye mashimo yake, mwisho mbavu na mikono kwa mshono mmoja unaoendelea kutoka pindo hadi kifundo. Tumia uzi ule ule na sindano butu, maana yenye ncha hupasua nyuzi.

Na uzi ununue kiasi gani? Pima kipande cha majaribio kwenye mizani ya kidijitali. Kipande cha sentimita 15 kwa 15 kina sentimita za mraba 225, na sweta hili lina kama 5,400, yaani mara 24. Kipande kikiwa na gramu 11, sweta litakula gramu 264. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya mishono na makosa, nunua gramu 300. Nunua zote siku moja na hakikisha namba ya rangi kwenye lebo ni moja. Bluu mbili zilizotiwa rangi siku tofauti hufanana dukani, zikatofautiana juani. Ukilazimika kuzichanganya, fuma mistari miwili ya donge hili na miwili ya lile kwa zamu, ili mpaka wa rangi usionekane.

SWALI: Dada yangu aliyeko Marekani amenitumia sindano namba 8. Mama ananiambia sweta la kawaida hufumwa kwa namba 8, lakini kitambaa kinanitoka kama chandarua. Tatizo ni uzi? Na je, spoku za baiskeli zinafaa kuwa sindano?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Uzi hauna kosa. Namba 8 ya mama ni ya Kiingereza ya zamani, na ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Namba za Kiingereza hupungua sindano inavyonenepa, za Marekani huongezeka. Kwa hiyo namba 10 ya mama ni milimita 3.25, na namba 10 ya dada yako ni milimita 6. Pateni yoyote utakayoikuta, iwe kitabu cha zamani au karatasi kutoka ng'ambo, itafsiri kwa milimita kwanza.

Sindano isiyo na namba ipime kwa tundu. Toboa matundu kwenye ubao mwembamba kwa biti za drili za milimita 3, 3.5, 4, 4.5 na 5. Tundu dogo kabisa ambalo sindano inapita bila kulazimishwa ndilo unene wake. Umeuliza pia kuhusu spoku za baiskeli. Zinafaa, lakini nyingi ni milimita 2 hadi 2.3, kwa hiyo ni za soksi na uzi mwembamba. Uzi wa nyuzi 8 juu ya spoku hutoa kitambaa kigumu cha kusimama chenyewe. Ukizitumia, sugua ncha kwa msasa laini hadi zisikwaruze uzi.

SWALI: Ukanda wa shingo ya V unanitoka na mawimbi, na pale kwenye ncha panatuna. Nimeshaufumua mara kadhaa.
Fundi wa nyumbani, Moshi

JIBU: Mawimbi maana yake umeokota, yaani umevuta ukingoni mwa kitambaa, vitanzi vipya vingi mno. Kitanzi ni kipana kuliko kilivyo kirefu: kwenye sentimita 10 una vitanzi 22 lakini mistari 28. Ukiokota kimoja kwenye kila mstari unalazimisha vitanzi 28 vikae mahali pa 22, na ukanda hauna pa kwenda isipokuwa kupinda. Kwenye ukingo ulio wima okota vitatu kwa kila mistari minne. Ukingo wa V umelala mshazari na ni mrefu kidogo kuliko idadi ya mistari yake, basi okota vitano kwa kila mistari sita. Kwa sweta la msomaji wa Njombe, mistari 34 inatoa vitanzi 28 kila upande. Nyuma ya shingo okota 27, na ncha ya V kimoja. Jumla 84. Sindano ziwe zile nyembamba za ribu.

Ncha inatuna kwa sababu hupunguzi hapo. Kitanzi cha katikati lazima kisimame wima kama mgongo wa samaki, na vya pembeni vielekee kwake. Kila baada ya mzunguko mmoja, ukifika kitanzi kilicho kabla ya katikati, kihamishe pamoja na cha katikati kwa mara moja kama unayetaka kuvifuma mbele. Fuma kinachofuata, kisha pitisha vile viwili juu yake. Cha katikati kitabaki juu, na vya pembeni vitajificha chini yake. Mizunguko saba inatosha. Kama huna sindano ya mviringo, acha bega moja bila kushona, fuma ukanda kwa mistari ya kwenda na kurudi, halafu shona bega na ukanda pamoja.

Funga kwa mkono mlegevu, au kwa sindano nene zaidi. Shingo iliyofungwa kwa kukaza itakatika uzi siku ya kwanza mtoto atakapolivua sweta kwa haraka.

SWALI: Uzi mpya ni ghali. Je, naweza kufumua sweta la mtumba na kufuma jipya?
Msomaji, Arusha

JIBU: Unaweza, ukijua kuchagua. Ligeuze ndani nje kabla ya kulipia, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umefungwa kwa nyuzi nyingi za ovaloki, acha: kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kila mstari utakutoka kipande kifupi. Unalolitaka ni lile ambalo kingo zake ni vitanzi vizima vilivyounganishwa kwa uzi mmoja. Epuka pia lililoganda, ambalo vitanzi vyake havionekani tena. Hilo halifumuki.

Fungua mishono kwanza, kisha anza kufumua kila kipande kutoka juu, kilipofungwa. Ukianzia chini utahangaika bure, kwani upande wa mwanzo haufumuki kwa kuvuta. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali manne kwa vipande vya uzi wa rangi nyingine, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Usuuze na uutundike kivulini ukiwa na kitu chepesi chini yake ili mikunjo inyooke. Uzi wenye mikunjo ukiufuma hivyo hivyo, kipande chako cha majaribio kitakudanganya.

Masweta ya kiwandani mengi yana uzi mwembamba. Shika nyuzi mbili au tatu pamoja, uzungushie rula bila kuzibana: mizunguko 11 hivi katika sentimita 2.5 inakaribia nyuzi 8. Kujua ni uzi gani, choma kipande kidogo juu ya sahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba huwaka kama karatasi.

SWALI: Nilipiga pasi sweta la akriliki ili mishono ilale. Sasa limelegea na linang'aa. Nifanyeje lirudi?
Msomaji, Limuru

JIBU: Halirudi. Akriliki ni plastiki, joto likiizidi nyuzi hulainika na kupoteza mnyumbuko wake, na ribu ikishafika hapo haivuti tena. Pasi ya mkaa ndiyo mbaya zaidi kwa sababu huwezi kupima moto wake. Safari nyingine lowesha vipande kabla ya kushona, vikamue ndani ya taulo, vilaze juu ya mkeka kwa vipimo unavyotaka, vibane kwa pini zisizoshika kutu, viache kivulini.

Sufu inavumilia pasi ikiwa juu yake kuna kitambaa kibichi na pasi haibonyezwi. Adui wa sufu ni maji ya moto pamoja na kusuguliwa: unywele wa kondoo una magamba madogo, nayo hushikana na kuligandisha sweta la baba likamtosha mtoto. Maji ya kufulia na ya kusuuzia yawe na joto moja.

SWALI: Kila kitu ninachofuma kinajikunja pembeni. Nakosea wapi?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Hukosei popote. Kitambaa laini hujikunja chenyewe: pembeni kuelekea nyuma, juu na chini kuelekea mbele. Mshono utazinyoosha mbavu, na ribu itazuia pindo. Skafu ndiyo isifumwe hivyo.

SWALI: Mtoto amerefuka, sweta bado zima ila mikono imefika nusu. Nifume lingine?
Mlezi, Mbeya

JIBU: Hapana. Fungua mshono wa mkono kutoka kifundo hadi sentimita kumi juu ya ribu. Kata uzi wa kitanzi kimoja, katikati ya mstari ulio juu kidogo ya ribu, kisha uuchomoe pole pole kuelekea pembeni huku na huku. Ribu itaachana na mkono, na vitanzi vya juu vitabaki wazi. Viokote kwenye sindano kadiri vinavyoachiwa, usingoje mstari mzima. Fuma kwenda chini kwa urefu unaohitajika, malizia kwa ribu mpya na sindano nyembamba. Kwenye kitambaa laini mahali pa kuungia hapaonekani. Kwenye ribu au mapambo vitanzi vitahama nusu kitanzi na jicho litaona, kwa hiyo kata daima kwenye sehemu laini.

Anayefuma sweta la mtoto sasa hivi abakize gramu 50 za uzi ule ule. Zifue mara chache pamoja na sweta, zipauke nalo, la sivyo kipande kipya kitajitangaza.

SWALI: Naishi Dar es Salaam. Kiyoyozi cha ofisini ndicho kinachonitesa, nje ni joto. Kuna sweta la kufuma linalonifaa?
Msomaji, Kinondoni

JIBU: Lipo, la pamba, wazi mbele, mikono robo tatu. Tahadhari yake ni kwamba pamba ni nzito na hainyumbuki. Sweta la pamba hurefuka kwa uzito wake lenyewe, na ribu yake hulegea baada ya kuvaliwa siku nzima. Kipande chako cha majaribio kitundike kwa pini siku mbili kikiwa na vibanio vichache vya nguo chini yake, ndipo uhesabu mistari. Utakuta sentimita 10 za jana zimekuwa 10 na nusu au zaidi, na huo ndio urefu wa kupigia hesabu. Ribu ifume kwa sindano nyembamba zaidi kwa saizi mbili kamili, mabega yashone pamoja na utepe mwembamba wa pamba ndani yake ili yasishuke. Likifuliwa lisitundikwe kambani. Lilaze.